Kubadili sheria za kiwanja ili miti ya asili ipate nafasi: mwongozo kamili kwa mkazi wa Dar es Salaam

Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya kiwanja cha mita 20 kwa 30, imemwaga lita 30,000. Hayo ni maboza matatu ya lita 10,000 kila moja. Kama kiwanja kimejengwa na kutandazwa pevingi ukuta hadi ukuta, karibu maji yote yanatokea getini na kumshukia jirani wa chini. Zidisha kwa nyumba zote za mtaa mmoja wa Kimara, halafu yafuate maji yanavyochimba makorongo hadi Bonde la Msimbazi. Utaelewa kwa nini masika ikikolea Jangwani hapapitiki.

Udongo wenye mizizi hunywa maji hayo, na miti ya pwani yetu imezoea kunywa kwa pupa wakati wa masika na kuvumilia kiangazi bila bomba. Wengi wangependa kuipanda. Kinachowakwamisha mara nyingi ni karatasi: sharti la hati, mchoro wa mipangomiji, au sheria ndogo ya usafi inayomruhusu afisa kuita bustani yako pori. Karatasi hizo hubadilishwa, na mkazi wa kawaida ana haki ya kuanzisha badiliko.

Ushauri wangu tangu mwanzo ni huu: usiende halmashauri kuomba "sera ya mazingira". Sera zipo za kutosha. Omba kifungu kimoja kifupi, chenye vipimo ambavyo afisa afya wa kata anaweza kuvipima kwa futi kamba akiwa amesimama getini kwako.

Hatua ya kwanza: jua ni karatasi ipi inayokubana

Watu hupoteza miezi wakilalamika kwenye ofisi isiyo na mamlaka. Kiwanja chako kinatawaliwa na karatasi zaidi ya moja, na kila moja ina mwenyewe.

Anza na hati miliki au ofa. Tafuta sharti la matumizi. Hati nyingi za zamani husema ardhi itumike kwa makazi tu, Kundi A, kwa kurejea kanuni za matumizi za mwaka 1960 pamoja na marekebisho yake. Sharti hilo linahusu unachokifanya juu ya ardhi, yaani kuishi, kufanya biashara au kuendesha kiwanda. Mara nyingi halizungumzii mimea kabisa, kwa hiyo kama shida yako ni faini ya "majani marefu", hati haina kosa. Mwenye leseni ya makazi naye aisome yake vivyo hivyo.

Karatasi ya pili ni mchoro wa mipangomiji wa eneo lenu. Huu ndio unaoonyesha viwanja, barabara, maeneo ya wazi na hifadhi za mito. Omba kuuona kwa Afisa Mipangomiji wa halmashauri yako. Dar es Salaam ina halmashauri tano: Jiji (iliyokuwa Ilala hadi 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Juu ya michoro hiyo upo Mpango Kabambe wa 2016 hadi 2036. Kabla yake jiji lilipangwa kwa mipango ya 1949, 1968 na 1979, na baada ya huo wa 1979 ikapita miongo mingi bila mpango mpya wakati watu wakiongezeka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani. Ndiyo maana utakuta mtaa mzima uliojengwa kabla mchoro haujafika.

Ya tatu ni sheria na kanuni za nchi: Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 pamoja na kanuni zake za 2018 zinazohusu viwango vya maeneo, ujenzi na makundi ya matumizi. Sheria hutungwa na Bunge, na kanuni hutungwa na Waziri wa Ardhi. Usijaribu kuzibadili kutokea mtaani kwako. Zisome ili kifungu chako kisigongane nazo.

Ya nne ni sheria ndogo za halmashauri, na kwa mambo ya mimea hapa ndipo penye nafasi kubwa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982 inaipa halmashauri uwezo wa kutunga na kurekebisha sheria ndogo. Baraza la Madiwani likipitisha, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huidhinisha, kisha hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Omba nakala ya sheria ndogo za usafi wa mazingira kwa Mwanasheria wa Halmashauri, tafuta maneno "pori", "nyasi", "majani" na "uchafu", na uyapigie mstari. Mara nyingi utakuta hayana tafsiri wala kipimo, na kilichoachwa bila kipimo kitapimwa kwa macho ya aliyekuja na kitabu cha faini.

Lipo jambo moja ambalo halina mjadala. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari, kingo za mto au bwawa. Kama kiwanja chako kiko ukingoni mwa Mlalakuwa, Kizinga au Msimbazi, hakuna sheria ndogo itakayokuhalalishia ujenzi hapo. Sana sana unachoweza kuombea eneo hilo ni kurudishiwa mimea yake.

Hatua ya pili: upime mtaa wenu kabla ya kufungua mdomo

Chukua futi kamba, daftari na mtu mmoja wa kukushikia ncha. Tembeeni mtaa mzima asubuhi baada ya mvua kubwa, maji yakiwa bado yanaonekana. Kwa kila kiwanja andika kwa makadirio: paa limechukua kiasi gani, sakafu ngumu kiasi gani, udongo umebaki kiasi gani. Weka alama pale maji yanapotokea getini, yanapotuama, na yanapokula ukingo wa barabara.

Angalia pia kilichopo chini ya miti iliyobaki. Kwenye udongo wa kichanga wa ukanda wa chini, chini ya mkwaju mkubwa, utakuta ardhi ina unyevu lakini haina dimbwi, na majani madogo makavu yamejitandaza juu yake. Mita chache pembeni, kwenye uwanja uliofagiliwa kila alfajiri mpaka ukang'aa, maji yamesimama juu kama yako kwenye sinia. Piga picha ya pande zote mbili kwa pamoja. Diwani ataikumbuka picha hiyo kuliko kurasa kumi za maelezo.

Huko milimani, Goba, Kimara na Mbezi, tafuta mahali ambapo korongo limeanza kula msingi wa ukuta. Andika umbali kutoka ukutani hadi ukingo wa korongo, na urudi kupima baada ya mvua inayofuata.

Hatua ya tatu: tengeneza orodha ya mimea ya kwenu

Kifungu kinachosema "miti ya asili" bila orodha kitazaa ubishi, kwa sababu miti mingi tunayoiona ya kwetu imetoka mbali. Mwarobaini na mwembe asili yake ni Asia. Mkungu unaotupa kivuli vijiweni nao ni wa Asia. Mkaratusi umetoka Australia. Miashoki iliyosimama kama askari kwenye kuta za Mbezi Beach asili yake ni India na Sri Lanka. Sisemi ing'olewe, mwembe wenye kivuli na matunda una haki ya kuishi. Nasema isiingie kwenye orodha yenu.

Kwa kiwanja kikubwa, wekeni mkwaju, mkongo, mvule na mng'ongo. Mbuyu ni wa uwanja wa shule, zahanati au eneo la wazi la mtaa. Kwenye kiwanja cha kawaida unakuwa mzigo kwa wajukuu. Mkuyu ni mti mzuri kwa ndege, lakini mizizi yake haina adabu kwa misingi na mashimo ya majitaka, kwa hiyo uandikwe kwa maeneo ya wazi na kingo za mabonde tu. Penye majimaji ya kudumu karibu na mito, mtomondo umeumbiwa hapo.

Kwa viwanja vidogo, angalieni mfuu na mtopetope mwitu. Mbungo, ule unaotupa juisi ya mabungo, ni mmea wa kutambaa wa kwetu kabisa na hupanda juu ya uzio imara. Chini, ukoka unashika udongo vizuri. Mboga pia zihesabiwe: kunde, mlenda, mgagani na mnavu ni mimea ya Afrika, na bustani ya mboga inakubalika haraka zaidi mbele ya wazee wa mtaa kuliko kichaka.

Mikoko ni habari nyingine. Mchu, mkandaa, msinzi na wenzake huishi kwenye maji ya bahari yanayokupwa na kujaa, na misitu ya mikoko ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Wakazi wa Kunduchi au Kigamboni wanaotaka kuipanda waende TFS kwanza. Huko huko ulizeni kuhusu miti iliyohifadhiwa chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, kama mninga na mpingo, ambayo kukatwa kwake kuna masharti. Mtu anayepanda mninga uani ana haki ya kujua atautunza chini ya masharti gani.

Miche ni tatizo la kweli. Vitalu vya pembeni mwa barabara vimejaa miti ya maua na matunda ya kigeni kwa sababu ndiyo inayonunuliwa. Kwa mbegu za asili, TFS wana kituo cha mbegu za miti Morogoro. Agizeni mapema, kama mtaa, na mmpe kazi ya kuotesha mwenye kitalu wa jirani.

Hatua ya nne: andika kifungu chenyewe

Ukipeleka ombi tupu, utajibiwa kwamba litafanyiwa kazi. Ukipeleka rasimu iliyokamilika, mwanasheria ana kitu cha kusahihisha. Hii ni rasimu ninayoipendekeza. "Jedwali" linalotajwa humo ni ile orodha ya mimea ya hatua ya tatu, iambatishwe mwishoni. Vipimo vyake mvijadili na kuvirekebisha kulingana na mtaa wenu.

*Mmiliki au mpangaji wa kiwanja cha makazi anaruhusiwa kuotesha na kutunza mimea ya asili iliyotajwa kwenye Jedwali, kwa masharti yafuatayo:*

*(a) mimea iliyo ndani ya mita moja kutoka ukingo wa barabara, njia ya miguu au mpaka wa jirani isizidi urefu wa sentimita 60, isipokuwa mti uliopogolewa matawi ya chini hadi mita mbili kutoka ardhini;*

*(b) maji yasituame katika eneo la mimea kwa zaidi ya saa 72 baada ya mvua kukatika;*

*(c) mti unaotarajiwa kuzidi urefu wa mita kumi usipandwe ndani ya mita tano kutoka kwenye jengo au shimo la majitaka, wala chini ya njia ya umeme;*

*(d) taka, kifusi, matairi na vyombo vinavyokinga maji visiwekwe katika eneo la mimea.*

*Mimea inayotimiza masharti haya haitahesabiwa kuwa pori, kichaka au uchafu kwa madhumuni ya sheria ndogo za usafi wa mazingira.*

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo roho ya kifungu. Bila hiyo, utaruhusiwa kupanda na sheria moja na kutozwa faini na nyingine. Wakijaribu kuiondoa kwenye kikao, ipiganieni kuliko vipimo vyote.

Mita moja ya pembeni inajibu hoja ya nyoka na vibaka kabla haijaulizwa: mpita njia anaona mbele yake, na jirani hapati kichaka dirishani. Saa 72 zinahusu mbu. Dar ilipata mlipuko mkubwa wa dengi mwaka 2019, na mbu wa dengi huzaliana kwenye maji yaliyosimama ndani ya makopo, ndoo na matairi. Kiluwiluwi kwa kawaida huhitaji wiki au zaidi mpaka awe mbu anayeruka, kwa hiyo bustani inayokauka ndani ya siku tatu haimpi nafasi. Kuhusu umeme, TANESCO wana njia zao za laini na mamlaka ya kupogoa. Kifungu kisijaribu kuwapunguzia.

Kama mna nguvu ya kubeba kifungu cha pili, ombeni kila kibali kipya cha ujenzi wa makazi kiwe na sharti la kuacha angalau asilimia 20 ya kiwanja kuwa udongo wenye mimea. Kwa kile kiwanja cha mita 20 kwa 30, hizo ni mita za mraba 120, zinazopokea lita 6,000 za mvua ile ya milimita 50 pale pale inapoangukia. Lakini sharti hili lihusu vibali vipya tu, na viwanja vidogo visamehewe. Manzese au Tandale, ambako nyumba zimegusana, kumdai mtu asilimia 20 ni kumwonea. Huko dai liwe miti ya njiani na kwenye viwanja vya shule, kwa gharama ya halmashauri.

Hatua ya tano: ipitishe rasimu kwenye ngazi zake

Mwone kwanza Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, ana kwa ana, kabla ya barua. Mwamkie, mweleze, mwachie nakala asome. Mwenyekiti aliyeshtukizwa mkutanoni huwa mpinzani hata kama moyoni anakubali. Mwombe aweke ajenda kwenye mkutano wa wakazi, na mhakikishe muhtasari unaandikwa, unasainiwa na kupigwa muhuri na Afisa Mtendaji wa Mtaa, mahudhurio yakiwa yameambatishwa. Wapangaji nao wahudhurie. Mtaa wa Dar una wapangaji wengi, na ndio wanaofagia.

Muhtasari unapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na Mtendaji wa Kata ni katibu. Mkaribisheni Afisa Afya wa kata siku hiyo. Huyu ndiye atakayekuja kusimamia kifungu, na akiona kinamrahisishia kazi atakuwa mtetezi wenu.

Kutoka kata, andika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ukiambatisha mihtasari, picha, vipimo, orodha ya mimea na rasimu. Ipeleke masjala mwenyewe, na urudi nyumbani na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, tarehe na namba ya kumbukumbu. Kila ufuatiliaji utaje namba hiyo. Bila namba, faili lenu ni hadithi tu.

Ndani ya halmashauri, jambo hili hujadiliwa na Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, kisha Baraza la Madiwani, ambalo vikao vyake vya kawaida hufanyika kila robo mwaka. Ukikosa kikao kimoja, hesabu miezi mitatu. Rasimu ya sheria ndogo lazima itangazwe kwa wananchi ili watoe maoni au mapingamizi. Siku ya tangazo hiyo msilale: pelekeni barua za kuunga mkono, kila kaya na yake, maana tangazo lisilojibiwa huachia uwanja wapinzani. Baada ya hapo jambo linakwenda kwa waziri na Gazeti la Serikali.

Kama kuna chochote kinachohitaji fedha, kitalu cha kata kwa mfano, kiingizwe kwenye vipaumbele vya mtaa kabla bajeti haijaandaliwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini makadirio huandaliwa miezi mingi kabla. Halmashauri zimekuwa na lengo la kupanda miti milioni 1.5 kila moja kwa mwaka, na Aprili mosi ni Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Ulizeni kwa barua: ni miti gani, na mingapi ni ya asili?

Ukitaka kubadili matumizi ya kiwanja

Hili ni suala tofauti, msilichanganye na kifungu cha mimea. Anayetaka kugeuza nyumba kuwa fremu za biashara, hosteli au ukumbi anahitaji kibali cha kubadili matumizi ya ardhi. Maombi hupelekwa kwa Mkurugenzi yakiwa na nakala ya hati, risiti za kodi ya pango la ardhi, ramani ya kiwanja na maelezo ya kinachokusudiwa. Lazima majirani wajulishwe kwa tangazo, na jirani ana haki ya kupinga kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa.

Tumieni haki hiyo kwa busara. Fremu zinapojengwa mbele ya nyumba, mti wa mbele na udongo wake huwa vya kwanza kuondoka, pevingi inafuata, na maji yanahamia barabarani. Lakini fremu hizo hizo zinalipa ada za watoto. Badala ya kupinga moja kwa moja, andikeni mkikubali kwa masharti: mti uliopo ubaki au upandwe mwingine wa kwenye orodha, na sehemu ya maegesho iwe ya kokoto au vitofali vyenye matundu ya kupitisha maji. Pingamizi la namna hiyo huipa kamati kitu cha kuamua, na jirani yenu bado atawaamkia.

Kwa biashara ndogo za nyumbani zinazoendana na mimea, kama kitalu cha miche uani au kuuza mboga zako getini, ombeni zitajwe kwenye sheria ndogo kuwa sehemu ya kawaida ya makazi, ilimradi hakuna gari la mzigo linaloziba njia, hakuna dawa kali za wadudu na mazao yametoka kiwanjani hapo.

Kifungu kikishapita

Chapisheni kifungu kwenye karatasi moja, kibandikwe ofisi ya mtaa, na kila kaya iliyopanda iwe na nakala karibu na mlango. Afisa mpya wa afya akija na kitabu cha faini, mwonyesheni kwa heshima namba ya Tangazo la Serikali, kisha mpimeni naye sentimita 60 hapo hapo.

Pandeni masika inapoanza, Machi kuelekea Aprili, ili mche upate miezi ya kushika mizizi. Vuli ya Oktoba hadi Desemba haitabiriki, na mche wa vuli utahitaji ndoo yako hadi Machi. Mwaka wa kwanza mwagilieni kila wakati wa kiangazi, maji mengi kwa siku chache badala ya kidogo kila siku, ili mizizi izame. Wekeni majani makavu kuzunguka shina bila kuligusa. Mbuzi wa mtaa wazuieni kwa uzio wa fito.

Baada ya masika ya kwanza, rudieni ule upimaji wa hatua ya pili kwenye viwanja vile vile, kwa daftari lile lile, na takwimu mpya mzipeleke kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kama mita moja ya pembeni imeonekana nyingi kwa viwanja vidogo, au saa 72 hazitoshi kwenye mfinyanzi wa milima ya Pugu, huo ndio wakati wa kuomba marekebisho.